Ukaguzi wa pikipiki uinue gurudumu, usiishie kwenye stika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ukaguzi wa pikipiki, hasa zinazobeba abiria. Mimi ni fundi pikipiki hapa Muheza, mkoani Tanga. Wateja wangu wengi ni vijana wa bodaboda wanaopandisha abiria Amani na kushuka na iliki, pilipili manga, mdalasini na mikungu ya ndizi. Msimu wa machungwa wanaingia mpaka mashambani kuyatoa kwa matenga. Amani iko mita zipatazo 900 kutoka usawa wa bahari, mjini kwetu ni kama 200. Tofauti hiyo yote pikipiki inaipanda kwa injini na kuishuka kwa breki, katika barabara ya vumbi na mawe ambayo mvua ikinyesha inakuwa tope la kuteleza. Hitilafu ambazo mahali pengine hujificha mwaka mzima, kwetu hujitokeza mapema, na mafundi ndio tunaozikuta.

Watu huniuliza sana: "Fundi, pikipiki gani ni imara?" Anayeuliza anataka nimtajie jina ili akanunue. Huwa namjibu kwamba hizi za cc 100, 125 na 150 tunazoziona kila kijiwe zinafanana kuliko wauzaji wanavyotaka tuamini. Silinda moja, injini inapozwa na upepo, vifaa vichache, spea zinapatikana hadi vijijini. Ukimwaga oili kwa wakati, ukaseti tapeti (nafasi ya vali), ukasafisha chujio la hewa badala ya kulitoa na kulitupa, injini hiyo itakulea miaka mingi. Kwa upande wa injini sina wasiwasi na vyombo hivi.

Wasiwasi wangu unatokana na uimara huohuo. Injini ikiwaka kila alfajiri kwa kiki moja, mwenye pikipiki anaamini chombo chote kiko sawa. Injini ikichoka inapiga kelele: inatoa moshi, inagonga, inakosa nguvu mlimani, mwisho inagoma na kazi inasimama. Breki haigomi. Inaisha kidogo kidogo, na mguu wa dereva unaizoea kidogo kidogo, mpaka siku mtoto anakatiza barabara. Pikipiki iliyokataa kuwaka imelala nyumbani na haijamuumiza mtu. Inayowaka vizuri huku breki zimekwisha ndiyo inayotupeleka hospitali ya Bombo kuwatazama wagonjwa.

Ngoja nieleze breki kwa undani kidogo, maana ndipo penye madhara makubwa. Pikipiki nyingi za kazi zina breki za ngoma, nyuma na mara nyingi hata mbele. Ndani mna shuu mbili zenye lainingi, yaani tabaka linalosugua ngoma, na kemu inayozitanua zikabane ngoma. Nje, kwenye mkono wa kemu, pikipiki nyingi zina kishale kidogo, na kwenye sahani ya breki kuna alama. Ukikanyaga breki mpaka mwisho na kishale kikaifikia au kuipita alama, lainingi imekwisha. Kukitazama hakuhitaji spana wala gharama yoyote. Lakini ni madereva wachache sana nimewahi kuwakuta wanakijua.

Kinachofanyika badala yake ni hiki. Breki ikilegea dereva anakaza nati kwenye fimbo ya breki. Wiki ijayo anakaza tena. Nyuzi za fimbo zikiisha, anamwendea mtu wa kumsaidia haraka, naye anauchomoa mkono wa kemu, anausogeza jino moja na kuurudisha. Ghafla breki inashika juu kama mpya. Dereva anatoa elfu moja na kuondoka akishukuru. Ndani hakuna kilichobadilika: lainingi ni ileile iliyokwisha, ila sasa kishale kimehama na hakisemi kweli tena. Kemu ikitanuka kupita kiasi inaweza kugeuka na kubaki hapohapo, shuu zisirudi, na gurudumu la nyuma likafunga pikipiki ikiwa katika mwendo.

Mwaka jana nililetewa pikipiki ya kijana wa kijiwe kimoja baada ya kuanguka na abiria kwenye mteremko. Mungu saidia, wote wawili walipona, mama yule aliumia goti na kiwiko. Nilipofungua gurudumu nilikuta chuma cha shuu kimeshaanza kuisaga ngoma. Mkono wa kemu ulikuwa umehamishwa meno mawili. Pikipiki hiyo ilikuwa na bima, ilikuwa na kadi, na stika ya ukaguzi ya mwaka ule ilikuwa imebandikwa, bado inang'aa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, Mhariri. Kila mwaka inapofika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani tunahimizwa kukaguliwa vyombo, na ni jambo jema. Lakini pikipiki ikisimamishwa pembeni mwa barabara, ikatazamwa kwa macho, itaonekana taa, honi, vioo, namba na kofia ngumu. Mambo yanayoua yako mahali ambapo macho hayafiki mpaka gurudumu liinuliwe kutoka ardhini. Pikipiki iwekwe stendi kubwa, gurudumu lizungushwe, lishikwe juu na chini na kutikiswa, breki ikanyagwe na kishale kitazamwe. Kwa mtu anayejua, ni kazi ya dakika kumi.

Breki ya mbele nayo ina habari yake. Vijana wengi wanaamini breki ya mbele inaua, na wengine wanailegeza makusudi mpaka mkono unagusa usukani bila kitu kutokea. Hofu hiyo ina chanzo: ukiibana ghafla kwenye kona yenye mchanga au tope, gurudumu la mbele linateleza na unakwenda chini. Lakini kwenye njia iliyonyooka pikipiki inapopunguza mwendo, uzito mwingi unahamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo linaloshika ardhi zaidi. Anayetegemea ya nyuma peke yake anahitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na akiwa na abiria na tenga la machungwa umbali huo hana. Waya wa breki ya mbele hukatika uzi mmoja mmoja pale karibu na mkono, chini ya mpira, na ukiuvuta mpira utaziona nyuzi zimechanua. Mkaguzi asipouvuta mpira, hajaukagua.

Na kuna kuteremka frii. Kutoka Amani kushuka hadi Sigi ni kona juu ya kona, na wapo wanaozima injini au kutoa gia ili waokoe petroli. Pikipiki ikiwa kwenye gia, injini yenyewe inaizuia. Ukiitoa, mzigo wote unabebwa na breki. Ngoma inapata moto, lainingi inaungua juu na kuwa laini yenye kung'aa kama kioo, na ukifika chini unakanyaga hakuna kitu. Nimezitoa shuu za namna hiyo zikiwa bado nene kabisa. Mtu aliyepima unene tu angezipitisha. Kwa hiyo pamoja na kishale, pikipiki ijaribiwe kwa kuendeshwa hatua chache na kusimamishwa, kwanza kwa breki moja, kisha kwa nyingine.

Sasa kwa nini breki zinaachwa mpaka zifike huko, wakati shuu za nyuma zinauzwa chini ya hesabu ya siku moja, yaani fedha ambayo dereva humpelekea mwenye pikipiki? Wanaosema vijana hawajali hawajui makubaliano yetu yanavyokwenda. Pikipiki nyingi si za anayeziendesha. Dereva anampelekea tajiri, yaani mwenye pikipiki, hesabu kila siku, abiria wawepo wasiwepo. Na desturi ni kwamba matengenezo makubwa, yaani injini, ni ya tajiri, na madogo ni ya dereva. Katika hayo "madogo" ndimo mlimo breki, tairi, cheni, waya na taa. Kwa hiyo tajiri anayalipia yanayolinda mali yake, na yanayolinda roho za watu yameachwa kwenye mfuko wa kijana ambaye asubuhi hiyo ameanza kwa kudaiwa. Kwa wenye mkataba, ambao wakimaliza mwaka pikipiki inakuwa yao, hali ni ngumu zaidi, kwani kila kitu ni juu yao na kila siku ina deni. Kijana wa mkataba huniambia, "Fundi nikazie tu, nikimaliza mkataba nitabadilisha vyote." Ninawaelewa, wala siwezi kuwacheka. Ila huwa sikazi. Shuu zikiwa zimekwisha naziweka mpya na kumwandikia deni dogo, na fundi mwenzangu yeyote anayesoma barua hii namwomba afanye hivyo.

Baada ya breki ninaweka usukani. Ndani ya shingo ya fremu mna koni, vikombe na gololi zinazobeba sehemu yote ya mbele. Barabara zetu za mawe zinazigonga gololi hizo mahali palepale mpaka zinachimba vishimo kwenye kikombe. Matokeo yake usukani unakuwa na kituo katikati: ukiugeuza taratibu gurudumu likiwa juu, unausikia unaingia mahali na kukwama kidogo kabla ya kuendelea. Dereva analalamika kwamba pikipiki "inavuta", haifuati njia, inayumba kwenye mwendo. Mara nyingi anakaziwa nati ya juu, usukani unakuwa mzito, na kituo kinabaki palepale. Dawa ni kubadilisha koni seti nzima. Wakati gurudumu bado liko juu, shika miguu ya shokapu za mbele uivute na kuisukuma. Ikicheza na kutoa mlio wa "tok", jibu umelipata.

Beringi za magurudumu na bushi za swingi (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) hukaguliwa kwa kushika tairi na kulisukuma kushoto na kulia. Spoku zigongwe moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti mfu. Hayo nayapita haraka kwa sababu hayana ubishi, ila ningependa ijulikane kwamba pikipiki inayobeba abiria wawili, yaani mishikaki, hukata spoku za nyuma mapema mno.

Cheni nayo. Meno ya sproketi yakichongoka na kulalia upande mmoja, yameisha, na kufunga cheni mpya juu yake ni kuiua kabla ya wakati, kwa hiyo vibadilishwe kwa pamoja. Klipu ya kiungo cha cheni upande wake uliofunga uelekee mbele, inakokwenda cheni. Ikigeuzwa inaweza kuchomoka njiani. Cheni iliyokatika inaweza kujikunja kwenye sproketi ya mbele ikapasua kava la injini, au ikalifunga gurudumu la nyuma.

Kwenye tairi nataka kutaja jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa juani mbele ya duka miaka mingi inaweza kuwa na kashata nzuri, yaani michongo ya mpira inayoshika barabara, lakini mpira wake umekauka na kupasuka nyufa ndogondogo. Mkaguzi asome tarakimu hizo, na mnunuzi azisome kabla ya kutoa hela.

Taa ni hitilafu nyepesi kuonekana na bado ni nyingi kuliko zote. Ya breki ndiyo inayosahaulika, kwani dereva haioni. Swichi yake ya nyuma inavutwa na springi ndogo kutoka kwenye pedali. Breki ikikazwa bila kurekebisha springi hiyo, taa ama haiwaki kabisa ama haizimi siku nzima, na gari lililo nyuma halijui lini unasimama. Kisha kuna hizi spoti za LED zinazofungwa mbele kwa waya uliounganishwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi. Zinamaliza betri, zinawapofua wanaokuja mbele, na waya zake nimezikuta zimeyeyuka chini ya tangi la petroli.

Nimesoma jinsi ukaguzi huu unavyofanywa kwingine. Uingereza, pikipiki ikitimiza miaka mitatu tangu isajiliwe lazima ikaguliwe kila mwaka. Mkaguzi anazungusha usukani, anatikisa magurudumu, anajaribu breki moja moja, na kwa pikipiki inayozidi 50 cc kashata ya tairi isipungue milimita 1 kwenye robo tatu ya upana wake. Huko nako taa ndizo zinazoongoza kwa kuangusha pikipiki, na breki hazikosi kwenye orodha. Matokeo yanahifadhiwa, na yeyote mwenye namba ya usajili anaweza kuyaona kwenye intaneti: ilifeli nini, lini, na ilikuwa imetembea umbali gani. Ujerumani wanakagua kila baada ya miaka miwili, na Ufaransa, baada ya mabishano marefu na waendeshaji, walianza Aprili 2024.

Lakini tusichukue kipindi chao cha ukaguzi na kukiweka huku kama kilivyo. Pikipiki nyingi za huko ni za kutembelea, zinakwenda kilomita elfu chache kwa mwaka. Dereva wetu akienda Amani na kurudi mara mbili kwa siku amekata zaidi ya kilomita 120. Kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya 3,000 kwa mwezi, na kwa mwaka zaidi ya 36,000, akiwa na mzigo, mlimani. Shuu za breki zilizokaguliwa Januari zinaweza kuwa zimeisha kabla ya sikukuu ya Wakulima. Ukaguzi wa mara moja kwa mwaka kwa chombo kinachofanya kazi ya namna hii haumlindi abiria.

Na umbali wenyewe hatuujui, kwa sababu waya wa spidi mita ndio unaokatika wa kwanza na hakuna anayeurudishia. Nikimuuliza dereva oili ina kilomita ngapi ananijibu kwa wiki. Ukiuziwa pikipiki ya mkononi huna njia ya kujua imefanya kazi gani. Ningetaka spidi mita iwe sharti la ukaguzi, isomwe na iandikwe kila mara.

Kanuni za mwaka 2010 zilizoweka utaratibu wa leseni za kubeba abiria kwa pikipiki na bajaji zilikuwa hatua kubwa. Ninachopendekeza kinaweza kujengwa juu yake bila ofisi mpya. Pikipiki ya biashara ikaguliwe mara mbili kwa mwaka, na ukaguzi ufanyike kijiweni kwa zamu, ili kijana asipoteze siku nzima kukifuata kituo cha ukaguzi cha mbali. Afanye kazi hiyo fundi mwenye cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanawatahini na kuwarasimisha hata mafundi tuliojifunzia mtaani, kwa hiyo watu wapo. Fundi anayekagua asiwe ndiye atakayeuza spea na kutengeneza, maana ataona ubovu hata usipokuwepo. Hilo nalisema nikijua linanipunguzia mimi kazi. Matokeo yaandikwe kwenye kadi inayokaa na pikipiki, nakala ibaki kwa uongozi wa kijiwe, na abiria akitaka kuiona aonyeshwe.

Kwa matajiri nina ombi la peke yake. Andikeni kwenye makubaliano kwamba breki, tairi na cheni vinatoka kwenye hesabu, risiti ikiwepo. Siku dereva anayobadilisha shuu, alete hesabu pungufu. Ninawajua matajiri wawili hapa wanaofanya hivyo, na pikipiki zao huwa naziona kwangu kwa oili na kwa shuu tu. Vyama vya bodaboda vingeweza kukataa kumsajili kijiweni mtu ambaye mkataba wake hauna kipengele hicho.

Shirika la Viwango (TBS) nao ninawaomba watazame shuu zinazouzwa rejareja. Nimefungua pakiti mpya, lainingi ikabanduka kwenye chuma chake kwa kuisukuma na kidole gumba, kwa sababu gundi haikushika. Sitaji jina la bidhaa kwa kuwa pakiti zinaigizwa na sijui mwenye kosa ni nani. Lakini spea ya breki isiyo na lainingi iliyoshika inapaswa kuondolewa dukani kabla ya kufika kwetu.

Masika kwetu huanza Machi. Ukaguzi wa kwanza wa mwaka ungefanyika Februari, kabla barabara ya Amani haijaanza kuteleza, na wa pili Septemba, kabla ya vuli. Niko tayari kuanza na vijiwe vya hapa mjini bila malipo, ilimradi viongozi wao, halmashauri na kikosi cha usalama barabarani wakae wakubaliane ni mambo gani yakikutwa pikipiki haibebi abiria mpaka itengenezwe. Kwa upande wangu ningeanza na matatu: kishale cha breki kilichofikia au kupita alama, usukani wenye kituo, na tairi iliyoonyesha nyuzi.

Fundi pikipiki,
Muheza, Tanga